Tezi za limfu zinazoonekana safi: ziondolewe au ziachwe?

Mgonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi anapoandaliwa kupasuliwa Kisumu, Eldoret au Nakuru, mazungumzo ya jamaa zake huwa juu ya gharama, damu ya akiba na siku za kulazwa. Lipo jambo jingine zito ambalo mara nyingi daktari huliamua bila mgonjwa kulisikia: je, tezi za limfu (vijitezi vinavyochuja majimaji ya mwili) za katikati ya shingo ziondolewe pamoja na thairoidi, hata kama hakuna dalili kwamba saratani imezifikia?

Kuna wagonjwa ambao kwao hakuna ubishi. Ikiwa ultrasaundi imeonyesha tezi za limfu zilizovimba na sindano nyembamba ikathibitisha saratani, tezi zote za eneo hilo huondolewa kwa pamoja, kwa maana kuchomoa ile iliyovimba peke yake na kuacha jirani zake ni kazi nusu. Saratani ya aina ya medula nayo haifyonzi iodini ya mionzi, dawa inayoua mabaki ya saratani ya thairoidi, na kwa hiyo tegemeo lake kuu ni kisu. Ubishi uko kwenye aina ya papilari, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote, pale ambapo shingo ya mgonjwa inaonekana safi.

Wanaotaka tezi hizo ziondolewe mapema wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Saratani ya papilari hupenda kuenea kwa njia ya limfu, na tezi zilizodhaniwa kuwa safi zinapochunguzwa kwa hadubini, mara nyingi hukutwa na chembe za saratani ambazo ultrasaundi haikuziona, kwa kuwa sehemu hiyo imefunikwa na thairoidi yenyewe. Ugonjwa ukijitokeza tena baadaye, mpasuaji atalazimika kupita katikati ya makovu, ambamo mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ni vigumu kuuona na ni rahisi kuukata. Kwa wakazi wa magharibi mwa Kenya pana pia suala la umbali: mgonjwa wa Busia au Siaya anayehitaji iodini ya mionzi kwa kawaida husafiri hadi Nairobi. Nchini Japani, ambako masharti makali kuhusu mionzi yalibana matumizi ya tiba hiyo kwa miaka mingi, wapasuaji waliondoa tezi za limfu kama desturi, na uhaba huo ulikuwa sababu mojawapo. Anayesema kwamba hali yetu inafanana na ile yao ana haki ya kusikilizwa.

Hata hivyo, kwa uvimbe mdogo ambao haujavuka mipaka ya thairoidi, naegemea upande wa wanaosema tezi safi ziachwe, na kinachonivuta huko ni madhara ya upasuaji kuliko saratani yenyewe. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine, kwa kawaida nne, zinazodhibiti madini ya kalsiamu mwilini. Kila moja ni ndogo kama punje ya mchele, rangi yake inakaribiana na ya mafuta yanayoizunguka, na damu yake huletwa na vishipa vyembamba mno. Mpasuaji anapozoa mafuta ya katikati ya shingo ili apate tezi za limfu zilizomo, ni rahisi kuziondoa tezi hizo za kalsiamu pamoja nayo au kuzikatia damu. Siku ya kwanza au ya pili mgonjwa huhisi midomo na ncha za vidole zikimchonyota, kisha misuli ya mikono hukakamaa. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Wasiopona humeza kalsiamu na vitamini D maisha yao yote, juu ya dawa ya homoni ya thairoidi, na homoni hiyo na kalsiamu zinahitaji kupishana kwa takriban saa 4 kwa sababu kalsiamu huzuia homoni kufyonzwa tumboni. Kwa mama anayefungua kibanda chake sokoni Ahero alfajiri, na ambaye kipimo cha kalsiamu kinamgharimu nauli ya kwenda mjini pamoja na ada ya maabara, huo ni ugonjwa wa pili aliopewa hospitalini.

Je, anapata faida gani kwa mzigo huo? Utafiti wa Pisa, Italia, uliochapishwa mwaka 2015, uligawanya wagonjwa 181 wa saratani ya papilari wenye shingo safi katika makundi mawili: walioondolewa thairoidi peke yake, na walioondolewa pamoja na tezi za limfu. Baada ya miaka 5 hapakuwa na tofauti ya kupona kati yao. Walioondolewa tezi za limfu walihitaji awamu chache zaidi za iodini, lakini waliobaki na upungufu wa kudumu wa kalsiamu walikuwa wengi zaidi miongoni mwao. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani wa mwaka huohuo uliona kwamba uvimbe mdogo wenye shingo safi unaweza kutibiwa bila upasuaji huo wa ziada, na kwamba ufikiriwe pale uvimbe unapokuwa mkubwa au umepenya nje ya thairoidi.

Mfano wa Japani unapungua nguvu kwenye suala la uzoefu wa mikono ya mpasuaji. Kule, kazi hiyo imefanywa kwa wingi katika hospitali zilizobobea kwa thairoidi, na takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba madhara hupungua kwa daktari anayefanya upasuaji wa thairoidi zaidi ya 25 kwa mwaka. Penye mpasuaji wa aina hiyo, nakubali kwamba mizani inaweza kuelemea upande wa kuondoa, hasa akiishia upande wenye uvimbe na kuziacha tezi za kalsiamu za upande wa pili bila kuguswa. Pasipo na mpasuaji huyo, hoja ya umbali wa Nairobi hainishawishi, kwa sababu upungufu wa kalsiamu nao unadai safari, tena zisizo na mwisho.

Zaidi ya yote, sharti shingo ithibitishwe kuwa safi kabla ya kuitwa safi. Ripoti ya ultrasaundi inayotaja ukubwa wa rovu peke yake haitoshi. Daktari anayeijaza fomu ya kipimo aandike kwamba pande zote za shingo zipimwe, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama zilipimwa, na pia kama kalsiamu yake itapimwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.