Kumuuliza mchezaji si kumkabidhi timu

Nawajibu waliocheka hoja ya mwandishi mmoja kwamba makocha wa soka wa vijana wawashirikishe wachezaji katika maamuzi, eti timu itageuka baraza. Klabu ya Corinthians ya Brazili, enzi za kiungo wake Sócrates, ilifanya hivyo, tena nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi: walipiga kura hata kuhusu kukaa kambini kabla ya mechi. Wakatwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo 1982 na 1983. Nidhamu ilikufa wapi?

Tuje kwetu Lamu. Wengi katika timu yetu ya mtaa ni wavuvi. Kocha kapanga mazoezi saa kumi jioni, liwe bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Anayechelewa anazungushwa mchangani, kisha benchi. Beki wetu wa kushoto alifika siku moja suruali bado imelowa maji ya chumvi, akaanza kueleza, akakatwa: "Hapa nasema mimi." Hakuna aliyemuuliza maji yanajaa saa ngapi. Sasa haji kabisa, na beki wa mguu wa kushoto haokotwi pwani jamani!

Sisemi kila kitu kipigiwe kura. Kwenye mashindano ya mashua, nahodha ndiye anayeamua tanga ligeuzwe lini, na hapo hakuna mjadala. Lakini makocha waanze basi na ratiba ya mazoezi na aina ya adhabu, vijana waseme. Kupanga kikosi wabaki nako wenyewe.