Makala kuhusu polisi iliyoondolewa na waandishi wake wenyewe

Kila nikikaa na watu wanaoandaa makala za utafiti kuhusu polisi, ile ishu ya PNAS, jarida la kisayansi la Marekani, lazima iibuke, na karibu kila mara inaibuka kwa lawama, kwamba watafiti David Johnson na Joseph Cesario na wenzao waliogopa kelele za siasa wakaifuta kazi yao wenyewe jaridani. Mimi sioni hivyo kabisa.

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Julai 2019 watafiti watano walichapisha makala, wamechukua watu waliouawa kwa risasi na polisi mwaka 2015, wakatafuta taarifa za askari 917 waliohusika, wakaangalia kama rangi ya askari inaendana na rangi ya aliyeuawa. Walipozingatia mchanganyiko wa wakazi wa kila eneo, hawakuona uhusiano. Mpaka hapo safi. Sasa kwenye ile aya fupi ya juu, ile inayomwambia msomaji wa kawaida utafiti una umuhimu gani, wakaandika kwamba askari wazungu hawana uwezekano mkubwa zaidi wa kumpiga risasi raia asiye mzungu kuliko askari wasio wazungu. Hiyo ni sentensi nyingine kabisa na data yao haikuwa na uwezo wa kuisema.

Naomba nikae hapa kidogo maana wengi wanapita haraka. Chukua trafiki wawili. Wa kwanza kasimama barabara ambayo kwa siku zinapita bodaboda 100 na gari 900, kapiga faini bodaboda 50 na gari 50. Wa pili yuko barabara ya bodaboda 900 na gari 100, naye kapiga faini bodaboda 50 na gari 50. Ukiletewa stakabadhi za faini tu utasema hawa wako sawa, nusu kwa nusu, hamna anayewaonea bodaboda. Lakini kumbe kwa yule wa kwanza kila bodaboda wawili wanaopita mmoja anapigwa faini, kwa wa pili ni mmoja kati ya 18! Stakabadhi haziwezi kukwambia hilo hata uzihesabu mara ngapi, kwa sababu waliopita bila kuguswa hawamo. Na kwenye data ya waliouawa, wale raia wote ambao askari alikutana nao na hakuwapiga risasi hawamo pia.

Watafiti Dean Knox na Jonathan Mummolo, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Princeton, waliliona hilo wakaandika. Aprili 2020 waandishi wakarekebisha ile sentensi. Mwezi uliofuata George Floyd, Mmarekani mweusi, akauawa na askari polisi Minneapolis, na mwanzoni mwa Juni mwandishi Heather Mac Donald akaitumia makala hiyo kwenye gazeti la Wall Street Journal kudai ubaguzi wa kimfumo kwa polisi ni hadithi tu. Julai waandishi wakaiondoa makala.

Wanaopinga kuondolewa kwake wana hoja na siwezi kuizima. Hesabu hazikuwa zimepikwa, na kwa lile swali dogo walilolipima, waandishi wenyewe walisema data na mbinu zilifaa. Marekebisho si yalishatolewa? Ukianza kuondoa makala kwa sababu mwanasiasa au mwandishi wa gazeti kaitumia vibaya, nani atathubutu kusabmiti kitu chochote chenye neno polisi. Na maelezo ya kwanza ya waandishi, ya kwa nini wanaiondoa, yalitaja jinsi makala inavyotumiwa, wakaja kuyabadilisha baadaye wakasema wazi kosa ni lao, hawakuwa makini na hitimisho walilotoa. Kama wangeanza na hilo la pili, nadhani nusu ya zogo isingekuwepo.

Ila marekebisho yalikuwa yameshashindwa jamani. Watu waliendelea kuishika ile sentensi ya zamani kama vile haijaguswa, na suala lenyewe ni nani anauawa na nani yuko salama mbele ya bunduki ya serikali. Mtafiti akijua sentensi yake ya uongo inatembea na jina lake, inatumika kuwaambia familia zilizofiwa kwamba hakuna tatizo, akae kimya kwa sababu jedwali namba 2 liko sahihi? Walichofanya kinahitaji moyo, na wahakiki wa jarida waliopitisha sentensi ile mwanzoni wangetakiwa kulaumiwa kabla yao.

Na huku kwetu mtego ni uleule, maana mwanafunzi anayeandika kuhusu polisi mara nyingi anachopata ni habari za magazeti za waliokamatwa au waliouawa, basi. Kuna kijana kaniletea rasimu, kakusanya habari za waliokamatwa, ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, inasema vijana wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kukamatwa kuliko watu wazima. Tumekaa mpaka jioni, sasa inasomeka kwamba kati ya waliokamatwa na kuripotiwa, wengi walikuwa vijana. Supavaiza wake anasema sentensi imepoa, jarida halitavutiwa nayo. Nimemwambia aitume hivyohivyo.