Majestic ya Vuga tuachieni iwe senema

Juzi mtu kaitupia picha ya Majestic, ile senema ya zamani ya Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kundi letu la WhatsApp na chini yake kaandika: gofu hili libomolewe, watu wapate maegesho. Vidole gumba vikamiminika. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Maegesho, Vuga! Yaani senema ivunjwe magari yapate pa kulala, halafu jioni wenye magari wakae ndani ya viyoyozi vyao wakilalamika kuwa mjini hakuna pa kwenda.

Pale kabla ya Majestic palikuwa na Royal, senema ya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aliyeichora ni John Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Beit el-Amani, jumba la makumbusho lenye kuba. Royal iliungua 1954. Mwaka uliofuata, 1955, Majestic ikawa imeshasimama pale pale, safari hii kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, ambaye hakujisumbua na matao ya Kiarabu ya kubuni. Alichora jengo la wakati wake, la zege, la watu waliovaa vizuri jioni. Anayedhani Mji Mkongwe ni milango ya kuchonga na vibaraza tu, apite Vuga.

Sasa hebu tutulie hapo kidogo. Ukumbi umeungua 1954, mwingine umefunguliwa 1955. Hakukuwa na semina ya wadau wala andiko la mradi. Sisi paa limetuangukia ndani na tumezoea kulipita kama vile mvua ndiyo mpangaji mpya. Kwa nini wao waliweza? Kwa sababu kila jioni kulikuwa na watu mlangoni wenye hela ya tiketi mkononi. Aliyejenga alijua hasara yake itarudi, maana mji mzima ulikuwa na mazoea ya kwenda. Hayo mazoea ndiyo yaliyoijenga Majestic, na yalipokufa, paa likafuata.

Marehemu mjomba wangu alikuwa akibeba mikebe ya mikanda kwa baskeli. Nakala ya picha ilikuwa moja, senema mbili. Mkanda wa kwanza ukimalizika huku, yeye anaukimbiza kule, na ole wake mnyororo ukichomoka njiani, maana ukumbi mzima wa upande wa pili unabaki gizani ukipiga miluzi na kumtukania mama yake. Alikuwa akisimulia matusi hayo kwa fahari, kama nishani. Bibi naye hakujua jina la waziri hata mmoja, lakini Raj Kapoor, nyota wa filamu za Kihindi, alimjua kama mtoto wa jirani. Nyimbo zake aliziimba jikoni kwa Kihindi asichokielewa neno. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo mume mkali kuliko wote mtaani hakuwa na hoja ya kuyakataa. Jumapili ndiyo ilikuwa balaa: familia nzima, nguo mpya, na walanguzi wa tiketi pembeni wakiuza mara mbili ya bei. Mji ambao una walanguzi wa tiketi za senema ni mji mzima wa afya.

Ndiyo maana nikisikia watu wakitaka Majestic iwe "kituo cha utamaduni chenye matumizi mengi" napata homa. Nayajua matumizi mengi. Chini mgahawa wa kahawa inayouzwa kwa dola, juu chumba cha warsha chenye projekta, ukutani picha za zamani za watu waliokuwa wakiingia hapa, na mlangoni mlinzi wa kumuuliza mtoto wa Kikwajuni anakwenda wapi. Jengo litapakwa rangi, litapigwa picha, litashinda tuzo, na Mzanzibari atalipita kama anavyolipita leo. Tofauti itakuwa leo halimfukuzi.

Nakubali, shingo upande, kwamba tiketi za bei nafuu hazilipi gharama za kulinyanyua jengo lile. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inapenya kwenye zege, nondo zinashika kutu na kuvimba, zege linapasuka kutoka ndani. Hilo halitibiwi kwa ndoo ya rangi. Na haraka nayo inaua. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, ilianguka Desemba 2020 likiwa mikononi mwa mafundi wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo wale wa Hifadhi Zanzibar, taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale, wanaohangaika na Majestic siwalaumu kwenda polepole, na ikibidi pawe na maduka mawili ya kulipia umeme, sawa, yawepo. Ila duka liwe mtumwa wa senema. Malindi, hapa hapa mjini, tumeshaona kinyume chake: senema ya Cine Afrique ikageuka maduka, na leo hakuna anayekwenda kule kwa ajili ya picha. Dar wenzetu Drive-in yao, senema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, imelaliwa na ubalozi wa Marekani, huko ndiko hata maegesho hupati.

Kuna atakayesema watu siku hizi wana simu. Wana hata misikiti karibu na wana majiko nyumbani. Bado wanakwenda msikiti wa Ijumaa na bado wanakwenda Forodhani kula.

Na wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, watasema senema ipo, njooni Ngome Kongwe. Nakwenda, naipenda, nimekaa kwenye yale mawe mpaka mgongo ukanung'unika. Lakini tamasha huja mara moja kwa mwaka, likaondoka na wageni wake. Mazoea hayajengwi hivyo.

Ninachotaka ni kitu kidogo cha kuandikwa kwenye mkataba kabla hata ya kuchagua rangi ya ukuta: kila wiki, mwaka mzima, picha zionyeshwe, bei ya viti vya mbele isizidi ya sahani ya urojo, jioni moja iwe ya wanawake peke yao, na vijana wetu wanaotengeneza filamu kwa kamera za kuazima wapewe usiku wao bila kuombwa barua ya utambulisho. Mfadhili asiyetaka kusaini hayo, aulizwe vizuri kabla hajapewa funguo: hilo jengo analitaka la nini?