Pesa ya Kinshasa si hela

Mwaka jana nilikuwa dukani kwa rafiki yangu Kariakoo, tunapiga soga, akaingia mteja Mkongomani kufuata vitenge. Mkononi simu, sauti juu: "Pesa ngai mbongo! Pesa ngai mbongo!" Kijana wa dukani akanuna. Alichosikia yeye ni pesa, halafu Mbongo, yaani sisi. Akaamini kabisa kuna Mtanzania anasemwa kwa mambo ya hela.

Kumbe jamaa anadai chake tu. Kwa Kilingala, kopesa ni kumpa mtu kitu, ngai ni mimi, na hela zenyewe ndizo mbongo. "Nipe hela." Pesa yetu ilitoka India, kwenye paisa, ikaingia pwani na biashara. Ile ya kwao ni kitenzi, haijawahi kupanda jahazi. Sasa fikiria M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007 ikiwa na hela kwenye jina, leo ipo hadi Kinshasa, ambako jina hilo hilo linanong'ona "toa". Na kusema kweli, linaikaa vilevile.

Wanaoniudhi ni wale wakusanyaji wa maneno yanayofanana. Neno likionekana Japani, basi babu zetu walipita huko! Sauti za binadamu zina idadi, jamani. Lugha zinazopenda kumaliza kila silabi kwa irabu, kama yetu, zitagongana tu.

Tena Kilingala na Kiswahili ni ndugu kweli, zote za Kibantu, ila undugu huo hutaupata kwenye pesa. Uko kwenye neno ambalo sisi tunalikosea kila siku: moto. Bolingo likipigwa, Mswahili akisikia moto anawaza kuni, kumbe mwimbaji anasema mtu. Wingi wake ni bato, kama watu. Sisi tumeimeza irabu ya mwanzo. Waswahili wa Lubumbashi na Goma, kulekule Kongo, bado wanasema mutu, na hapo unauona ukoo wazi. Moto wa kuunguza nao wanao, ila o zake hutamkwa kwa mdomo mpana zaidi na sauti hupanda mwanzoni. Kupanda huko Kiswahili kilishakuacha, ndiyo maana masikio yetu hayanasi kitu.

Yote haya nilimweleza yule kijana, mteja akiwa keshaondoka na mzigo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa.

"Sasa kaka, kama mbongo ndiyo hela, mbona mimi nimefulia?"