Nyumba za Bure Japani? Ulizeni Kwanza Kodi Yake

Kila baada ya muda linarudi kwenye magrupu ya WhatsApp: "Japani wanagawa nyumba bure, vijana changamkieni!" Agosti 2025 lilikuja kwa kishindo, JICA, shirika la misaada la Japani, walipoutaja mji wao wa Nagai kuwa "nyumbani" kwa Tanzania. Watu wakaanza kuulizia viza. Kumbe ulikuwa mpango wa ushirikiano tu, na Septemba ukafutwa kwa kelele za Wajapani wenyewe.

Uvumi nimeuzoea. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza nyumba hizo zimebaki tupu kwa nini. Hesabu ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9, karibu moja kati ya saba. Tunaambiwa wazee wanakufa, watoto hawazaliwi. Sawa. Lakini sheria nayo ina mkono wake. Kiwanja chenye nyumba ya kuishi hupunguziwa kodi ya ardhi hadi sehemu moja ya sita. Ukibomoa, unafuu umekwenda. Sasa wewe mrithi uliyeko Osaka, umlipe mkandarasi abomoe kibanda cha marehemu babu ili serikali ikupandishie kodi? Thubutu! Unakiacha. Paa linabonyea, magugu yanaziba mlango, jirani anashinda kwenye simu na manispaa. Tangu 2015 mwenye nyumba hatarishi anaweza kunyimwa unafuu huo. Hongereni, mmewahi sana.

Au tazama Tama New Town, mji wa makazi uliojengwa kwa mpango magharibi mwa Tokyo. Wakazi walianza kuingia 1971, wengi wao familia changa, kwenye majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti. Kijana lifti ya nini? Leo yuleyule ana miaka themanini, anapandisha mfuko wa mchele akipumzika kila ngazi ya tatu. Haya, mtaa wa Suwa walibomoa, na 2013 nyumba 640 zikawa 1,249. Ila gharama ilifidiwa kwa kuuza zile za ziada, tena jirani na stesheni. Kule kusiko na mnunuzi je?

Na si Japani peke yake: Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, iliyokaribia watu milioni 11 mwaka 1992, sasa haifiki 10, na shule za msingi zimeanza kufungwa jijini.

Na bado kando ya ghuba ya Tokyo minara mipya inapanda, kila mmoja una wamiliki mamia ambao siku moja watatakiwa kukubaliana kuubomoa. Anayeomba kibali cha kujenga aweke fedha za kubomolea benki kabla hajachimba msingi. Akisema ni ghali, basi asijenge.