Vijakazi Kumi na Wawili wa Odysseus

Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, utenzi wa Homer wa Ugiriki ya kale, Odysseus akishawaua wanaume waliokuwa wakimwania mkewe Penelope, vijakazi 12 wa nyumba yake wanaamriwa kubeba maiti na kuosha damu ukumbini. Kisha Telemachus, mwana wa Odysseus, anawanyonga kwa kamba ya meli. Homer anasema miguu yao ilitapatapa, ila si kwa muda mrefu. Kosa lao ni kulala na wale wanaume. Na katika kitabu hichohicho Odysseus mwenyewe anawashutumu wanaume hao kuwa waliwaingilia vijakazi wake kwa nguvu!

Ukiniuliza kwa nini wanawake wanazisimulia upya ngano za Wagiriki, nitakuonyesha hapo. Mwandishi Margaret Atwood aliwapa vijakazi hao sauti katika riwaya ya mwaka 2005. Mwaka 2018 mwandishi Pat Barker akamgeukia Briseis, mateka katika Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy. Achilles, shujaa wa Wagiriki, alimuua mume wa Briseis. Vita vikamchukulia na kaka zake watatu. Kisha yeye akagawiwa muuaji huyo awe suria. Ugomvi unaoibeba Iliad nzima ni wa Achilles na mfalme Agamemnon kumgombania, lakini yeye anasema mara moja tu, kitabu cha 19, akimlilia Patroclus, rafiki wa Achilles aliyeuawa.

Wapo wanaolalamika kuwa Homer anaharibiwa. Siafiki hata kidogo. Mwaka 415 KK Euripides, mtunzi wa tamthilia, aliwaleta jukwaani wanawake mateka wa Troy, muda mfupi tu baada ya Athens, mji wake mwenyewe, kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwatia utumwani wake zao na watoto. Ngano hizi zimesimuliwa upya tangu enzi za Wagiriki wenyewe.

Circe wa riwaya ya Madeline Miller nilimpenda, lakini mchawi mwenye kisiwa chake ana pa kujihifadhi. Suria hana, ndiyo maana vitabu vya mateka vinanigusa zaidi. Mwaka uleule wa kitabu cha Barker, Nobel ya Amani walipewa Nadia Murad, Myazidi wa Iraq aliyetekwa na kufanywa mtumwa wa ngono, na Dkt. Denis Mukwege wa Bukavu, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani. Kwa watu wa Kivu, kisa cha Briseis si cha kale.

Sasa natamani kitabu kizima cha Hecamede. Alitekwa Tenedos, akapewa Nestor, mfalme mzee wa Wagiriki. Katika Iliad anachanganya divai na jibini ya mbuzi, anawahudumia wanaume, na hasemi neno.