"Mfumo Umekataa" Si Jibu la Kumpa Mtu

Mwezi uliopita mama yangu mdogo, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi na tano amekuwa akinunua na kuuza dagaa katika Soko la Kimataifa la Samaki la Kirumba jijini Mwanza, pale tunapopaita Mwaloni, aliomba mkopo kwa simu ili aongeze mtaji kabla giza halijaingia. Haikupita nusu dakika, ukaja ujumbe kwamba hajakidhi vigezo kwa sasa. Kwa kuwa mkopo wake wa awali alikuwa ameumaliza siku tatu kabla ya muda, alifunga safari hadi ofisini kwa wakopeshaji hao kuuliza kasoro iko wapi. Kijana wa dirishani alimwamkia vizuri, akaitazama kompyuta, akasema, "Mama, mfumo umekataa." Alipoulizwa sababu, alimgeuzia kioo ajionee mwenyewe: palikuwa na jina lake, namba yake ya simu na alama nyekundu, basi.

Msomaji asiyeishi kando ya ziwa anahitaji kuelezwa hilo neno giza. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za umeme wa jua, kwa sababu mwanga huwavuta waje juu ya maji na nyavu zikawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni hadi usiku urudi kuwa mweusi, yaani hadi giza liingie. Ndiyo maana fedha ya mchuuzi wa dagaa haiji kama mshahara. Kwa siku kadhaa miamala hufuatana asubuhi hadi jioni, kisha simu hunyamaza. Mvua ikiwakuta dagaa wametandazwa mchangani au juu ya chanja, mzigo huoza na hesabu ya wiki nzima huvurugika. Tena mnunuzi aliyetoka Kongo akilipa taslimu, fedha hiyo simu haiioni kabisa.

Programu za akili mnemba zinazopima wakopaji hujifunza kutokana na kumbukumbu za watu waliokopa zamani, kisha humlinganisha mwombaji mpya na wale waliolipa na wale walioshindwa. Ikiwa wengi katika kumbukumbu hizo ni watu wanaoingiza fedha kila mwisho wa mwezi, basi mtu ambaye kalenda yake ni mwezi wa angani ataonekana kama asiyetabirika, hata awe mlipaji mwaminifu kuliko wote. Mashine haina chuki naye. Inapima kufanana, na yeye hafanani. Je, ndilo lililomkuta mama mdogo? Hakuna aliyetueleza, na hilo hasa ndilo lalamiko langu.

Jambo hili halihusu mikopo peke yake, wala si la nchi maskini tu. Nchini Uholanzi maelfu ya wazazi walituhumiwa kimakosa kuiba fedha za ruzuku ya malezi ya watoto, na ikabainika kwamba mfumo wa kompyuta wa mamlaka ya kodi ulihesabu kutokuwa raia wa Uholanzi kama dalili ya hatari. Familia zilidaiwa fedha ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzilipa, na Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, umeuweka upimaji wa sifa za wakopaji katika kundi la matumizi yenye hatari kubwa, yanayotakiwa kusimamiwa na binadamu.

Sisi nasi hapa Tanzania hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Benki Kuu nayo, Novemba mwaka huohuo, ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini leseni hutwambia nani anaruhusiwa kukopesha. Haimwambii aliyekataliwa kwa nini amekataliwa. Hapo ndipo ninapotaka kanuni mahususi: sababu itolewe kwa Kiswahili chepesi, ndani ya siku zinazohesabika, na awepo mtu mwenye jina na mamlaka ya kuutengua uamuzi wa mashine.

Wapo wanaohofu kwamba masharti ya mapema yatawakatisha tamaa vijana wetu wabunifu. Hofu yao naiheshimu, ila nawaomba waitazame mizani pale Mwaloni. Kila mizani inayopima samaki sokoni hutakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na sijaona mchuuzi aliyefunga biashara kwa sababu hiyo. Wanunuzi hukubali kilo za mtu wasiyemjua kwa sababu wanajua kuna aliyeikagua mizani yake. Iweje basi mizani inayopima watu, na kuamua nani apate mtaji na nani akose, ifichwe hata kwa kijana aliyewekwa dirishani kuisemea?

Tumeandika barua ya ukurasa mmoja, mimi nikishika kalamu na mama mdogo akinisomea tarehe za malipo yake kutoka kwenye daftari lenye harufu ya dagaa. Tumeomba tuelezwe taarifa zake zipi zilitumika, na ombi lake lipitiwe upya na mtu. Tuliipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na sasa tunasubiri. Wenzake wa kikoba wamempa mtaji usiofika nusu ya alichohitaji. Giza limeshaingia, na jioni hii mitumbwi ilikuwa ikipakia taa.